Penisilini madukani Unguja na Pemba: chupa, kidonge na sindano, ipi inastahili pesa yako

Ukiingia duka la dawa Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake ukataka penisilini, muuzaji anayeijua kazi yake hatakupa kitu mpaka akuulize ni ipi. Kuna unga wa sindano kwenye kichupa cha kioo, kuna kidonge cha penisilini V, kuna amoksilini ya kapsuli za rangi mbili, kuna kidonge cha amoksilini kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji, na kuna ile chupa ya unga wa kuchanganya ambayo kila mwenye mtoto mdogo anaijua. Zote ni ukoo mmoja. Hapa tunazipitia moja moja kama zinavyouzwa na kutumika visiwani: ipi inafanya kazi yake sawasawa, ipi inaharibikia mikononi mwa mtumiaji, na ipi inanunuliwa bila ya sababu. Zote ni dawa za cheti cha daktari, na vipimo vinavyotajwa humu ni vya kukusaidia kuelewa ulichoandikiwa, si vya kujitibu.

Kuzipima kwa haki kunataka kwanza kuujua udhaifu wa penisilini yenyewe, ambao ulionekana tangu siku zake za mwanzo. Septemba 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioota kwenye sahani ya kuoteshea bakteria umezungukwa na eneo tupu. Stafilokoki waliokuwa karibu nao walikuwa wakiyeyuka. Maji ya ukungu ule akayaita penisilini, akachapisha makala 1929. Kuitoa dawa ndani ya maji hayo ndiko kulikoshindikana. Wasaidizi wake, Stuart Craddock na Frederick Ridley, waliikoleza ikapoteza nguvu. Harold Raistrick na wenzake waliihamishia kwenye kiyeyusho kiitwacho etha, na walipoikausha etha wakabaki mikono mitupu. Sababu inajulikana leo: kiini cha penisilini ni pete ya pembe nne iitwayo beta-laktamu, nayo imekazwa mno. Maji huifungua taratibu. Asidi, alkali na joto huifungua haraka. Pete ikishafunguka, kilichobaki si dawa tena.

Waliolifumbua fumbo hilo walikuwa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Maji ya ukungu yalipozwa sana, yakatiwa asidi ili penisilini ihamie kwenye kiyeyusho, kisha ikarudishwa kwenye maji mapya yasiyo na asidi. Hatua hiyo ya kuirudisha ndiyo iliyokuwa rai ya Heatley, na ndiyo iliyoiokoa. Mwisho ikagandishwa na kukaushwa mpaka ikawa unga wa kahawia, na unga mkavu ukakaa bila ya kuharibika. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya wanane streptokoki wa kuua; wanne wakapewa penisilini, wanne hawakupewa. Kabla ya kupambazuka wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa wote.

Udhaifu wa pili ulijitokeza kwa mgonjwa. Februari 1941 askari polisi Albert Alexander, aliyekuwa na usaha usoni na machoni, alianza sindano na akapata nafuu ya haraka. Lakini figo huitoa penisilini kwa kasi kubwa, hata ikabidi Oxford waikusanye kutoka kwenye mkojo wake na kuitumia tena. Baada ya siku chache akiba ikaisha, ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi akafariki.

Haikai majini na haikai mwilini. Kila kilichomo rafuni leo kilitengenezwa kujibu moja ya shida hizo mbili, na ndivyo tutakavyokipima.

Tuanze na chupa ya unga wa amoksilini, kwa kuwa ndiyo inayoingia majumbani zaidi. Ya kawaida hutoa mililita 100 baada ya kuchanganywa, ikiwa na miligramu 125 kwa kila mililita 5. Ipo pia ya miligramu 250. Inauzwa kavu kwa sababu ile ile iliyowasumbua Oxford: tangu tone la kwanza la maji kuingia, pete zinaanza kufunguka. Kwa bidhaa nyingi muda wa kutumia baada ya kuchanganya ni siku 7, na baadhi huruhusu 14 zikikaa kwenye friji. Lebo ndiyo inayosema, na tarehe ya kuchanganya iandikwe kwa kalamu juu ya chupa siku hiyo hiyo.

Kuchanganya kwenyewe ndiko kunakoangusha bidhaa hii. Gonga chupa kwa kiganja mpaka unga wote uachane na kitako. Unga ulioshikana chini ukimwagiwa maji hufanya donge lililolowa nje na kavu ndani, na dawa iliyofungika humo haifiki kwenye kijiko. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Maji yenye joto yanaiharakisha dawa kuharibika. Tia kama nusu ya maji, funga, tikisa mpaka usione unga mkavu popote. Ongeza maji mpaka karibu na alama, tikisa tena, kisha iweke chupa mezani na usubiri povu lishuke, ndipo ujaze mpaka kwenye alama. Povu linawadanganya wengi. Mtu huona maji yamefika, kumbe ni povu. Likishatulia, kipimo kimepungua na dawa imekuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Anayepitiliza alama, naye, anampa mtoto dawa iliyochujuka kwa siku zote zilizobaki. Alama ikiwa ni mshale wa kwenye lebo, na lebo imebandikwa upande, hapo hakuna kipimo tena. Bora zaidi ni bidhaa inayotaja kwa mililita kiasi cha maji ya kutia, ukapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Kisha kuna kijiko. Vijiko vya chai vya majumbani havilingani, kimoja hubeba mililita tatu na mwenzake sita, na mtoto hupata kidogo au kingi kwa kutegemea kabati la nyumba. Chupa isiyokuja na kijiko cha kupimia au kikombe chenye mistari ni bidhaa pungufu; duka likupe bomba la mililita 5 au 10. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kupima, kwani dawa huzama. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo na uji mzito wa dawa siku za mwisho.

Kuhusu baridi: mlango wa friji unatosha, kwenye barafu isiwekwe. Nyumba isiyo na friji, au umeme unaokatika kila mara, ihesabu siku 7 na isiombe za ziada, na kama lebo inasema lazima friji, chupa hiyo haiwafai. Unguja ilishakaa gizani miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na dawa ya kuchanganya ndiyo aina ya kitu kinachoharibika bila ya kutoa harufu. Kuitia chupa kwenye bakuli la maji pembeni ya mtungi kunasaidia kidogo. Mtungi hupoza kwa maji kutoka jasho na kukauka, na hewa ya kwetu yenye unyevu mwingi hailikaushi jasho hilo kwa kasi.

Lakini kasoro kubwa ya chupa hii ni hesabu yake. Kwa nimonia ya mtoto, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni takriban miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 hiyo huwa miligramu 250 kila mara. Kwa wa mwaka mmoja hadi karibu mitano, miligramu 500. Sasa chukua chupa ya 125. Miligramu 500 ni mililita 20 kwa mara moja, 40 kwa siku, 200 kwa dozi nzima. Chupa moja ina 100. Mzazi aliyeuziwa chupa moja ana dozi ya siku mbili na nusu tu, na kwa kuwa kijiko alichoonyeshwa ni kimoja, pengine atampa mtoto robo ya kinachotakiwa na chupa itadumu wiki nzima. Mtoto hatapona, na atakayelaumiwa ni mwenye duka, au dawa kuwa "haina nguvu". Kwa mtoto wa chini ya mwaka chupa moja inatosha kamili, mililita 10 mara mbili kwa siku tano, kama haikumwagika.

Hapo ndipo kidonge cha amoksilini kinachoyeyuka, cha miligramu 250, kinapoipita chupa kwa mbali. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 hupewa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wa mwaka mmoja hadi mitano, viwili asubuhi na viwili jioni. Jumla ni vidonge 10 au 20, unavihesabu kwa macho mbele ya muuzaji. Weka kidonge kwenye kijiko kikubwa au kikombe kidogo, tia maji safi au maziwa ya mama kiasi cha mililita 5 hadi 10, zungusha taratibu mpaka kisambae, mpe mtoto yote papo hapo. Kilichobaki kwenye kikombe kiongezwe maji kidogo naye anywe. Hakuna povu wala alama, na friji haihitajiki. Dawa inakutana na maji dakika moja kabla ya kuingia kinywani, na udhaifu wa kwanza wa penisilini unakuwa hauna nafasi. Kasoro yake ni moja: kidonge kikishatolewa kwenye karatasi yake hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo usikubali vilivyokatwa na kutiwa kwenye kibahasha. Tunakipa alama 9 kwa 10, na chupa 5. Duka lenye vyote viwili likampa chupa mtoto wa miaka mitatu bila ya kumweleza mzazi hesabu hiyo, huduma yake ni mbovu hata kama sakafu yake inang'aa.

Penisilini V ndiyo isiyothaminiwa. Penisilini ya mwanzo, ile iitwayo G, ikimezwa huharibiwa na asidi ya tumbo, ndiyo maana ikawa ya sindano. Mwaka 1952 huko Kundl, Austria, Ernst Brandl na Hans Margreiter waligundua kuwa penisilini V inahimili asidi, na kwa mara ya kwanza ikapatikana penisilini ya kumeza yenye kutegemewa. Kidonge cha miligramu 250 ni sawa na uniti 400,000. Kazi yake hasa ni koo la streptokoki: koo linalouma ghafla na homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za shingo zilizovimba, bila ya kikohozi wala mafua. Kukiwa na kikohozi, mafua na sauti imekauka, mara nyingi hilo ni virusi na hakuna penisilini itakayosaidia.

Sababu ya kuisifu ni kwamba streptokoki wa koo hadi leo hawajapata usugu dhidi ya penisilini, ijapokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 80. Haigusi bakteria wengi wa tumboni, kwa hiyo haimwachi mtu na kuhara kama dawa pana. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Hizo 10 zina maana: koo linaacha kuuma siku ya pili au ya tatu, lakini bakteria wanakuwa bado wamo, na wanaobaki ndio wanaoweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu milango ya moyo, zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Imezwe tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Kwa mgonjwa aliyeamua kufunga Ramadhani kwa ruhusa ya daktari, mara mbili kwa siku inaingia: dozi ya kwanza kwa maji mara ya adhana ya magharibi kisha avute muda kabla ya kula, na ya pili aamke saa moja kabla ya daku. Dawa ya mara tatu au nne kwa siku haiwezi kupangika hivyo, na mwenye cheti cha aina hiyo arudi kwa daktari badala ya kuruka dozi. Tatizo la penisilini V ni kwamba si kila duka huiweka. Ikikosekana, amoksilini kwa siku 10 hizo hizo ni mbadala unaokubalika.

Sindano sasa. Penisilini G ya fuwele, ambayo wahudumu wengi huiita kristapeni, ni ya hospitali na iachiwe hospitali. Nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya takriban nusu saa, kwa hiyo hupigwa kila saa 4 mpaka 6, na hakuna duka linaloweza kumhudumia mtu hivyo. Kwa wauguzi wa vituo vidogo tunataja jambo moja tu: unga nao unachukua nafasi. Kichupa cha uniti milioni 1, yaani miligramu 600, hutiwa mililita 1.6 za maji ya sindano kupata mililita 2 za kupiga kwenye nyama, au 9.6 kupata 10 za mshipa. Anayetia 2 kamili akadhani amepata 2, amepata 2.4, na mtoto mchanga anayepimiwa sehemu ya kichupa anapungukiwa. Ikishachanganywa itumike wakati huo.

PPF, ile sindano ya kila siku ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka kwa maumivu yake, ni mchanganyiko wa penisilini ya prokaini uniti milioni 3 na ya fuwele milioni 1. Prokaini huifanya iyeyuke taratibu, ikatosha mara moja kwa siku. Ilikuwa na wakati wake. Leo, kwa mgonjwa wa nje anayeweza kumeza, hatuoni sababu ya kuichagua mbele ya kidonge.

Benzathini ni habari nyingine, na ndiyo bidhaa tunayoiheshimu kuliko zote humu. Ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuifunga penisilini kwenye chumvi inayoyeyuka shingo upande. Ukiipiga kwenye nyama ya tako inakaa pale kama akiba, ikitoa dawa kidogo kidogo kwa wiki tatu mpaka nne. Dawa ile ile iliyokuwa ikimtoka Albert Alexander kwa saa chache, hii inakaa mwezi. Penisilini za aina hii ya kukaa muda mrefu ndizo zilizobeba kampeni ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF dhidi ya buba kati ya 1952 na 1964, ambapo watu wapatao milioni 50 walitibiwa katika nchi 46.

Kazi zake za leo ni mbili ambazo hakuna kidonge kinachozifanya vizuri hivyo. Ya kwanza ni kaswende: ya mwanzo hutibiwa kwa uniti milioni 2.4 mara moja, iliyokaa muda mrefu kwa sindano tatu, moja kila wiki. Mama mjamzito aliyekutwa na kaswende kliniki hana dawa nyingine ya uhakika ya kumkinga mtoto aliye tumboni, na inatakiwa apate sindano si chini ya siku 30 kabla ya kujifungua. Kazi ya pili ni kumkinga aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi asiipate tena: uniti milioni 1.2 kwa mwenye uzito wa kilo 30 au zaidi, nusu yake kwa mdogo, kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mwenye ratiba ya siku 28 asingoje ya 35. Akiba ya nyamani haijui kwamba boti haikusafiri.

Kinachokwenda vibaya ni uchanganyaji. Miongozo inayotumika sana hutaja mililita 8 za maji ya sindano kwa kichupa cha milioni 2.4, lakini karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo inayofuatwa. Matokeo yake ni maji meupe mazito, si maji yaliyotakata, kwa kuwa chembe hazikuyeyuka, zinaelea tu. Zikisimama zinazama na kuziba sindano. Hivyo tikisa vizuri, vuta, na piga papo hapo kwa sindano nene, namba 21 au 19. Sindano nyembamba inakwama katikati ya dozi na mgonjwa anachomwa mara mbili. Sukuma polepole lakini bila ya kusita, ukisita inaganda kwenye tundu. Dozi ya milioni 2.4 igawanywe matako mawili. Na kabla ya kusukuma, vuta kidogo uangalie kama damu inaingia: benzathini ikipigwa kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo dawa hii haina kazi kwenye kiduka cha mtaani, hata mchomaji awe hodari vipi. Inapigwa kituoni penye adrenalini, dawa ya kumwokoa mwenye mzio mkali, ikiwa tayari karibu.

Kwa wenye moyo ulioharibika sana na baridi yabisi, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari 2022 kwamba baadhi ya vifo baada ya sindano hii vinaelekea kutokana na moyo dhaifu kuzidiwa, si mzio wa dawa. Kwa hao daktari hufikiria kidonge badala yake. Wengine wote wale kitu kidogo na wanywe maji kabla, wapigwe wakiwa wamelala, wasiinuke upesi. Unga huhifadhiwa kwenye joto la kawaida lisilopita lililoandikwa, lakini ile iliyokuja tayari ndani ya bomba inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, na boksi lake lisivuke kutoka Malindi hadi Mkoani bila ya kibaridi. Upungufu wake pia si wa kwetu pekee: kati ya 2014 na 2016 nchi na maeneo 39 kati ya 95 yaliyofuatiliwa yaliripoti kuikosa. Kituo kinachoiweka na kuipiga ipasavyo kinastahili kusifiwa kwa jina mbele ya jirani zako. Alama 10, kwa sharti la mikono iliyofundishwa.

Imebaki kapsuli ya amoksilini, inayonunuliwa kuliko zote na kwa sababu dhaifu kuliko zote. Ni dawa nzuri. Kampuni ya Beecham ya Uingereza ilikitenga kiini tupu cha penisilini mwishoni mwa miaka ya 1950, wakemia wakaweza kukivalisha mkia wanaoutaka. Ikatoka ampisilini 1961, kisha amoksilini 1972, ambayo inanyonywa vizuri hata na chakula na inafika kwa bakteria wengi zaidi. Tatizo ni mteja anayesema "nipe za elfu moja" kwa ajili ya mafua, na muuzaji anayekata. Mafua ni virusi. Jipu nalo si kazi yake: wengi wa stafilokoki hutoa kimeng'enya kinachoifungua ile pete. Edward Abraham na Chain walieleza kimeng'enya cha aina hiyo, kutoka kwa bakteria wengine, mwaka 1940, kabla dawa haijafika kwa mgonjwa. Mwaka 1948 Mary Barber alikuta katika hospitali moja ya London kwamba zaidi ya nusu ya stafilokoki walikuwa sugu. Jipu linataka kupasuliwa na kutoa usaha, na likihitaji dawa ni kloksasilini au ndugu yake.

Bei ndogo ndiyo inayowafanya watu waione rahisi. Urahisi huo ulitafutwa kwa taabu: Florey na Heatley walikwenda Marekani Julai 1941, na huko Peoria, Illinois, ukungu ukalishwa maji ya mahindi yaliyolowekwa yanayobaki kwenye viwanda vya wanga, mazao yakaongezeka mara nyingi, 1943 ukungu wa kwenye tikiti lililooza ukapatikana ni bora kuliko wa Fleming, Machi 1944 Pfizer wakafungua matangi makubwa Brooklyn. Fleming mwenyewe, kwenye hotuba yake ya Nobel Desemba 1945, alionya kuhusu siku ambayo penisilini itanunuliwa na yeyote dukani na mtu akajipa dozi ndogo akawazoesha vijidudu. Kapsuli sita za elfu moja ni hiyo dozi ndogo.

Dukani, kabla ya kulipa, angalia mambo haya. Chupa ya unga uigeuze: unga utiririke, usigande, rangi isiwe imekoza manjano kuliko kawaida yake. Kapsuli zisiwe zimelainika au kushikana, dalili ya boksi lililokaa juani au chini ya bati; msimu wa kaskazi joto la mchana linapita nyuzi 30, na duka lisilo na feni wala kivuli linaipika dawa. Namba ya toleo na tarehe ya kwisha zisomeke kwenye karatasi yenyewe ya vidonge, si kwenye boksi tu. Muuzaji akuulize umri na uzito wa mtoto, asipouliza, mwambie. Akikuchanganyia dawa, aipime mbele yako na kwa maji yaliyochemshwa, si ya mfereji moja kwa moja.

Na akuulize kama umewahi kudhurika na penisilini. Mzio mkali huanza mara nyingi ndani ya dakika chache: kuwashwa mwili mzima, midomo kuvimba, pumzi kubana, kuishiwa nguvu. Aliyepigwa sindano akae kituoni nusu saa. Ikitokea, dawa ni adrenalini, nusu mililita ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye nyama ya paja kwa mtu mzima, upesi. Vipele vinavyotoka siku ya tano kwa mtoto mwenye homa si lazima viwe mzio. Daktari avione kabla mtoto hajaandikwa maisha yake yote kwamba hapewi penisilini. Aliyethibitika aandikiwe kwenye kadi yake: jina la dawa, tarehe, nini kilitokea na baada ya muda gani, na kadi hiyo aionyeshe hata anapoandikiwa amoksilini, kwani jina limebadilika lakini pete ni ile ile.